Jirani ndani ya kitabu cha historia

Umeuliza kama vita vinaweza kufundishwa bila kumchora jirani kama adui wa kudumu. Vinaweza. Ufaransa na Ujerumani, zilizopigana katika vita vikuu vyote viwili vya dunia, zina kitabu cha pamoja cha historia kwa sekondari. Juzuu ya kwanza ilitoka 2006, maudhui yaleyale kwa Kifaransa na Kijerumani. Na waliopendekeza walikuwa vijana, mwaka 2003!

Nikikagua kitabu cha historia, mimi huanza na vitenzi: sisi "tuliukomboa" mji, wao "waliuvamia", na mji ni uleule. Kisha hesabu kurasa. Mapigano hupewa sura nzima, ramani na mishale. Mazungumzo yaliyoyamaliza, sentensi moja na tarehe ya kutia saini. Waliokesha mezani hata hawatajwi, na hilo linaniuma sana.