Mkutano wa kijani unaanzia kwenye orodha ya wajumbe

Kijana mmoja wa Mwanza kaniandikia wiki iliyopita: "Shikamoo dada. Tumepewa kuandaa mkutano wa watu mia nane na mfadhili anataka uwe rafiki wa mazingira. Tumeshaagiza mifuko ya karatasi na kalamu za mianzi. Tuongeze nini?"

Marahaba mdogo wangu. Msiongeze kitu. Na kama fundi hajaanza kuchonga nembo kwenye hizo kalamu, mpigieni simu leo mfute oda.

Kazi yangu ni kuandaa mikutano, na maswali ya namna hii nimeyajibu kwa simu mpaka nimechoka. Leo naandika, na safari hii nitasema na yale ambayo huwa nayameza. Mzigo mkubwa wa mkutano wowote mkubwa kwa mazingira uko angani na barabarani, kwenye safari za wajumbe. Kalamu ni mapambo. Mwaka 2021 watafiti walichapisha hesabu zao katika jarida la Nature Communications: mkutano wa ana kwa ana ukihamia wote mtandaoni, hewa ya ukaa inapungua kwa asilimia 94. Ukifanya mseto, zaidi ya nusu ya watu wakakutana kwenye vituo vilivyochaguliwa vizuri na wengine wakabaki mtandaoni, bado unapunguza kama theluthi mbili. Tiketi moja ya kwenda na kurudi kati ya Ulaya na Dar es Salaam inatoa hewa ya ukaa nyingi kuliko mafuta na umeme anaotumia Mtanzania wa kawaida mwaka mzima. Hapo nazungumzia aliyekaa daraja la kawaida. Aliyejilaza kwenye kiti cha mbele anahesabiwa karibu mara tatu, kwa sababu amekalia nafasi ya wenzake.

Septemba 2023, Nairobi ilipoandaa Mkutano wa Tabianchi wa Afrika pale kwenye jengo la mikutano la KICC, picha iliyozunguka kwenye magrupu ni ya Rais Ruto akijiendesha mwenyewe kwenye kigari cha umeme cha rangi ya njano. Picha nzuri, hata mimi niliisambaza. Ila wageni waliotoka mabara mengine kuja kuujaza ule ukumbi walikuja na ndege. Miezi mitatu baadaye Dubai ikapokea watu zaidi ya 80,000 wa COP28, mkutano wa tabianchi wa Umoja wa Mataifa, na huko nako wageni walikuja na ndege.

Sasa nieleze yaliyonikuta, maana wengi mnadhani mtu wa matukio kazi yake ni kuchagua rangi za vitambaa.

Miaka ya nyuma taasisi moja (jina naliacha, wenyewe wanajijua) ilinipa kazi ya mkutano wake wa mwaka, Dodoma. Nikapitia orodha ya wajumbe jina kwa jina. Idara moja inaleta mkurugenzi, msaidizi wake, na maofisa wa kumsaidia msaidizi, kila mmoja na shangingi lake na dereva wake kutoka Dar, kilomita kama 450 kwenda tu, bado kurudi. Kutoka Mwanza na Mbeya watu wanapanda ndege kuja kusikiliza hotuba ambayo wangeisoma wakiwa ofisini. Nikakaa usiku nikaandika pendekezo: wajumbe wa mikoani wakutane kwenye kumbi za kanda, waunganishwe kwa video, wa Dar waje kwa mabasi ya pamoja, chakula kipikwe kwa idadi ya waliofika, si ya walioalikwa.

Nikaliwasilisha kwenye kikao cha maandalizi. Kimya. Kisha mzee mmoja wa utawala akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai, akasema, "Kwa hiyo dada umeletwa hapa kutukatia riziki." Ukumbi ukaangua kicheko. Na mimi nikacheka, maana ukiwa mzabuni unacheka. Mwaka uliofuata sikupigiwa simu. Baadaye rafiki akanitumia andiko la kampuni nyingine iliyoshinda zabuni pale pale: kumbi za kanda, video, mabasi ya pamoja. Hata pale nilipoteleza nikaandika "mshikiri" badala ya "mshiriki", limo vile vile.

Sijasahau. Wanaohubiri samehe na usahau hawajawahi kuibiwa andiko.

Lakini yule mzee, nikiweka hasira pembeni, alisema kitu ambacho wataalamu wa mazingira hawakisemi. Kwetu mkutano ni posho. Posho ya kujikimu inahesabiwa kwa usiku, na anayeshiriki kwa video akiwa mjini kwake analala kwake, kwa hiyo hapati. Mtumishi ana ada ya shule Januari, ana mama anaumwa kijijini, halafu unamwambia abaki nyumbani kuokoa tabianchi? Atakuitikia "sawa dada" halafu jina lake litarudi kwenye orodha kwa mlango mwingine.

Kwa hiyo siku hizi sizungumzi safari kabla sijazungumza hela. Sehemu ya fedha inayookolewa kwenye tiketi na hoteli inarudi kwa mjumbe aliyebaki kwenye kituo cha kanda: posho ya kikao, nauli ya mjini, chakula cha mchana cha maana na bando. Na huyo mjumbe asikae peke yake na kompyuta nyumbani, maana umeme ukikatika amekwenda. Akae ukumbini na wenzake, wenye jenereta. Halafu mhasibu aingie kwenye kikao cha kwanza kabisa. Kama kifungu cha bajeti kimeandikwa "safari", hamtakihamisha wiki ya mkutano hata mkilia.

Mwezi uliopita tumefunga mkutano Dodoma kwa mtindo huo, na nitajisifu kwa sababu hakuna atakayenisifia. Vituo vitatu vya kanda, na watu wa Dar wote wamekuja kwa SGR. Treni ya Dar hadi Dodoma ilizinduliwa rasmi tarehe 1 Agosti 2024, inatumia umeme, na bado kuna maofisi yanapanga msafara wa magari kana kwamba reli haijajengwa! Tulikata tiketi mapema kwa pamoja, mabasi yakawasubiri stesheni. Ugomvi ulikuwa wa madereva, kwa sababu na wao posho yao imo kwenye ile safari ya gari. Tukawapa zamu za kuendesha magari ya kuzungusha wageni kati ya hoteli na ukumbi, kwa posho ile ile. Bosi mmoja alikataa treni katakata, akaja na shangingi lake. Akakwama nyuma ya malori huko Gairo, akafika wenzake wameshakunywa chai na maandazi yamekwisha. Sikumwambia neno. Nilimletea chai tu.

Jambo la pili ni chakula, na hapa nawaomba waandaaji mfanye kitu kimoja: baada ya chakula cha mchana nendeni nyuma ya jiko. Usimtume mtu, nenda mwenyewe. Utakuta sinia la pilau halijaguswa upande mmoja, mapaja ya kuku yaliyong'atwa mara moja, na ndoo za makombo zimepangwa ukutani zinamsubiri mfuga nguruwe. Mimi huwa naenda na mizani. Ripoti ya shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, ya mwaka 2024 inasema mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, na asilimia 28 ilitoka kwenye hoteli, migahawa na huduma nyingine za chakula kama zetu. Kikioza dampo kinatoa methani, ambayo kwa miaka 20 ya mwanzo inapasha joto zaidi ya mara 80 kuliko hewa ya ukaa.

Chanzo chake kwetu kinajulikana. Mteja analipia idadi iliyoalikwa, na siku ya mwisho watu wakishasaini posho asubuhi, mchana nusu hawapo. Saini zije baada ya chakula. Nimesema hili kwenye kila mkutano na kila mkutano kuna mtu ananiona mbaya, lakini ndoo zinapungua. Nyama igawiwe na mhudumu kama tunavyofanya harusini, wali na mboga kila mtu ajipakulie. Na ng'ombe apungue, kuku na maharage viongezeke. Hakuna aliyewahi kurudisha maharage ya nazi yaliyopikwa vizuri.

Chupa nazo, haya, tuziseme. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki 2008, Kenya Agosti 2017, sisi tarehe 1 Juni 2019. Chupa zikabaki. Kaa na wahudumu wa usafi jioni uone: wanafungua kifuniko kimoja kimoja, wanamwaga maji kwenye bustani, kwa sababu mnunuzi wa chupa anapima kilo na hataki kupimiwa maji. Chupa nyingi zimenywewa funda mbili. Weka mitungi mikubwa kwenye kona za ukumbi na bilauri za kuoshwa. Meza kuu, watu wa protokali watataka maji yaliyofungwa kiwandani, usibishane nao, weka ya chupa za kioo. Mabango andika jina la mkutano bila mwaka, yatumike tena. Ile mifuko mbadala inayofanana na kitambaa nayo ni plastiki, msidanganyike.

Nimalizie na wafadhili, maana nao wanasoma hapa. Mnatutumia fomu ya kurasa nyingi kuuliza kama vijiti vya kukorogea chai ni vya mbao, na mgeni wenu anaruka kutoka Ulaya kuja kufungua mkutano kwa dakika kumi na tano, apige picha, arudi na ndege ya usiku. Aibu hiyo hatuwezi kuibeba sisi na vijiti vyetu. Kwenye mikataba yangu sasa nimeweka kifungu: mzungumzaji wa kutoka nje ya nchi mwenye chini ya nusu saa kwenye ratiba anazungumza kwa video. Mfadhili mmoja alikirudisha kimekatwa kwa kalamu nyekundu. Mwingine alisaini siku ile ile, akaniuliza kwa nini nimeishia nusu saa. Wa kwanza nilimrudishia mkataba wake. Huyu wa pili tuna mkutano Tanga mwezi ujao.