Mlionicheka na kucha zangu za chuma, mahindi yashamenywa

Haya jamani, habari za siku. Najua nimepotea lakini wenye mashamba mwaelewa, msimu wa kuvuna mtu hana muda wa kukaa na simu. Kilichonitoa leo ni meseji ya dada mmoja wa Mpeketoni, kaona status yangu ya WhatsApp, ile picha ya mkono wangu na rundo la mahindi nyuma, akaniandikia, "Dadangu hiyo ulovaa mkononi ni kitu gani na nitaipata wapi, mie vidole vishakwisha." Nikamjibu maneno mawili matatu, halafu nikaona hapana, hili niliandike vizuri, maana wengi mnaonisoma ni watu kama mimi, una kibarua chako mjini, una shamba la familia Magarini ama Kakuyuni ama huko Witu, na wataka lile shamba likulipe, si kwenda kupigia picha tu mwezi wa nane.

Hiyo ni kulabu ya kumenyea mahindi. Ni kipande cha chuma kilichopinda kidogo, kimepigwa ribiti juu ya ngozi, ngozi inazunguka kiganja na inafungwa kwa mkanda nyuma ya mkono, kwa hivyo ukishaivaa vidole vyote viko huru na ile ncha imekaa pale kwenye mnofu chini ya kidole gumba. Hindi unalishika kwa mkono wa kushoto, wa kulia unapita juu yake mara moja, kulabu inapasua ganda kuanzia karibu na ndevu, ganda la upande mmoja linaondoka na kulabu, la upande wa pili unalishusha kwa mkono wa kushoto, halafu unalishika hindi lenyewe na kuvunja kikonyo. Tak! Limetoka tupu. Ukizoea hata huangalii, mwapiga soga huku mikono inaenda.

Ipo aina ya pili, kijiti cha chuma chenye ncha, hicho kinalala kwa ndani ya vidole na kushikwa na kitanzi cha ngozi, ncha yatokeza upande wa kidole cha shahada. Wachoma ganda pale juu, wabana lile ganda kati ya kidole gumba na chuma, wavuta chini. Kijiti ni rahisi kujifunza, kulabu ni ya mbio. Mimi ni mtu wa kulabu.

Sasa nimeijulia wapi. Mama mkwe wangu ana shamba Magarini, na tangu niolewe kila baada ya mvua za masika zikishapita twaenda kuvuna, twakaa chini ya mwembe na rundo mbele yetu, wanawake ndio twamenya, wanaume wabeba magunia mpaka kivulini halafu wapotea sijui wapi. Wale ambao hawajawahi kumenya mahindi makavu wadhani ni kazi laini ya kukaa. Ganda kavu lina makali kwenye ukingo, linakuchana pale ngozi inapokutana na ukucha, siku ya kwanza husikii kitu, siku ya pili ukigusa ndimu ama pilipili jikoni ndio utajua. Na mimi kazini natumia kompyuta siku nzima. Nimewahi kurudi ofisini Jumatatu nikipiga kibodi kwa vidole viwili vilivyobaki vizima na bosi akaniuliza kama nimepata ajali.

Mama mkwe yeye ana kijiti chake. Cha mti, mgumu kama nini, amekichonga mwenyewe na kimeng'aa kwa jasho la miaka, akimaliza hukichomeka kwenye makuti ya jikoni na mtoto hata akikigusa ole wake. Lakini hicho ni cha kushika. Kila akitaka kuvunja kikonyo lazima akiweke ama akihamishe mkono, na kikianguka ndani ya maganda kazi yote yasimama watu watafute kijiti cha mama. Mimi nikawa namtazama nawaza, hiki kitu kingekuwa kimefungwa mkononi tusingekuwa tumeshamaliza saa hii?

Usiku nikaingia YouTube. Na hapo ndipo nilipojua kwamba wenzetu walishaumiza kichwa na hili zamani sana. Kule Marekani wenyeji wa asili walikuwa wanamenya kwa vijiti vya mti, vya mfupa, hata vya pembe ya paa, kitu cha aina ile ile ya mama mkwe wangu wa Magarini. Walowezi wakachukua, wakaweka ngozi ya kufungia, baadaye viwanda vikaanza kutoa vya chuma, kulabu za kiganjani, za kwenye kidole gumba, aina chungu nzima. Mkulima alikuwa anapita na kulabu mkononi katikati ya mistari, anamenya hindi likiwa bado liko kwenye bua na kulirusha ndani ya gari la farasi linalotembea pembeni, na lile gari upande mmoja limeinuliwa ubao mrefu ili hindi likirushwa ligonge hapo na kuangukia ndani. Mtu habebi gunia, hainami, haokoti.

Na walifanya mchezo wa kushindania! Mashindano ya kitaifa yalianza 1924 huko jimbo la Iowa, aliyeyaanzisha ni Henry A. Wallace, mhariri wa jarida la wakulima, huyo huyo aliyekuja kuwa makamu wa rais wa Marekani kuanzia 1941 hadi 1945. Unapewa dakika 80. Ukiacha mahindi shambani unakatwa, ukiacha maganda mengi kwenye mahindi unakatwa pia. Mabingwa wa mwisho mwisho walikuwa wanapita busheli 40 kwa hizo dakika 80, na busheli moja ya mahindi kwenye magunzi ni kama kilo 32, pigeni hesabu wenyewe, ni zaidi ya tani moja, mtu mmoja, mikono miwili. Mwaka 1940 mashindano yalipofanyika Davenport, huko huko Iowa, walikuja watazamaji zaidi ya laki moja, kuangalia watu wanamenya mahindi. Ya 1941 yakawa ya mwisho kwa sababu ya vita, na baada ya vita mashine za kuvunia zikachukua kazi, ingawa wapo mpaka leo wanaofanya hayo mashindano kwa kujifurahisha. (Walikuwa pia na desturi kwenye kumenya kwa pamoja kwamba kijana akipata hindi jekundu anaruhusiwa kumbusu msichana. Huku kwetu jaribu hivyo uone utakavyoitwa kwa mzee wa mtaa.)

Basi nikajiambia kama kitu kimemsaidia mtu kumenya tani nzima mimi kinanishinda nini. Nikaenda duka moja la vifaa hapa mjini, jina silitaji, anajijua, nikamuonyesha muuzaji picha kwenye simu nikamuuliza anaweza kuniagizia. Akacheka. Akaita na mwenzake aje aone. "Mama, mahindi yanamenywa kwa mikono, hiyo ni toi ya watoto wa Kizungu." Mbele ya wateja. Nilitoka pale uso unawaka, nawaambia ukweli iliniuma na bado inaniuma, hasa kwa vile mwaka huu nimepita nikaona kinaning'inia kitu nje ya duka lake kwenye karatasi ya nailoni, kulabu, tena mbaya, ngozi ya plastiki. Sikusema kitu. Nimesema hapa.

Nikaenda kwa mafundi. Fundi wa kuchomea vyuma akanikatia kipande kwenye panga bovu, akakipinda kwenye moto, akakisugua na grainda. Fundi viatu akanipimia ngozi kwenye mkono wangu, na huyu mzee Mungu ampe umri, maana yeye ndiye aliyeniambia neno la maana kuliko wote: chuma si tatizo mwanangu, tatizo ni mkanda. Na kweli. Ngozi ikilegea kidogo tu kulabu inazunguka mkononi, ncha inaelekea siko, wavuta ganda ganda haliji, nguvu yote yaishia kwenye kifundo cha mkono na jioni wasema kulabu mbaya. Ikikaza sana nayo vidole vinakufa ganzi. Yataka ikae pale ambapo ukifumba ngumi unaisikia imekubana na ukikunjua mkono unaisahau. Mzee aliipima nikiwa nimefumba ngumi, akaipima tena nimekunjua, ndipo akatoboa matundu. Funga vizuri, hilo nitalirudia mpaka mchoke.

Ncha nayo isiwe kali. Watu wote wakiishika cha kwanza wanauliza mbona butu. Ya kupasua ganda haihitaji wembe, yahitaji iwe nyembamba na laini iliyozungushwa, kwa sababu ikiwa kali itakwaruza punje, na punje iliyokwaruzwa ndiyo mlango wa ukungu, na ukungu huku pwani na hili joto letu la unyevu si mchezo, sumukuvu, yaani sumu ya huo ukungu, ikiingia hakuna kuosha wala kuchemsha kutakaotoa.

Siku ya kwanza kuivaa Magarini, jamani. Shemeji yangu mmoja akasimama pale na kikombe cha chai akauliza kwa sauti, "Shemeji, kucha umebandika saluni gani?" Watu wakaanguka kwa kicheko. Mpaka watoto wakawa wananiita mama kucha. Mwenyekiti wa kikundi chetu akaja na yeye akatoa hotuba kwamba vitu vya mikono ni kurudi nyuma, kikundi kinangoja mashine. Nikanyamaza nikamenya. Mwanzoni hata mimi nilikuwa polepole kuliko mama mkwe, mkono haujui njia, lakini siku zilivyokwenda rundo langu likawa linapungua na yao yamekaa, na kucha zangu, hizi za Mungu, ziko salama. Msimu huu tumemaliza kumenya mawingu yakiwa bado yapo mbali baharini, tumeanika kwenye turubai, na jirani zetu wengine mvua imewakuta na marundo yako nje. Shemeji mwenye chai alikuja kuazima. Nilimpa. Nilimwambia tu, "Funga vizuri shemeji, zisibanduke."

Lakini dada wa Mpeketoni, kitu kimoja usifanye, usimenye yote kwa sababu umepata kulabu. Mama mkwe alinizuia na alikuwa na haki. Hindi ambalo ganda lake limefunga mpaka juu kabisa, halina tundu, hilo liache na ganda lake lipande uchagani juu ya meko, moshi na ganda vinasaidia kuzuia fukuzi, na hilo ndilo la kula nyumbani na la mbegu. La kumenya haraka ni lile lililoachama kwenye ncha, na lile la kuuza, maana mashine ya kupukuchua inayokuja kwetu haitaki maganda, na mnunuzi anataka punje kavu, unyevu asilimia 13.5, ukimpelekea la kuvunda atakukata bei ama akurudishie gunia. Chambua kwanza, halafu ndio uvae kulabu. Na mkanda ufunge vizuri.

Sasa nyinyi mnaongoja mashine. Mashine ije, mimi siikatai, nitakuwa wa kwanza kwenye foleni. Lakini ile ya kikundi tumeiongojea misimu mingapi, na kila kikao ni chai na mandazi na kuandika majina, na mahindi hayasomi minitsi za kikao. Vijana wa siku hizi ukimwonyesha kitu cha bei ya sahani ya biriani atakwambia kidogo, ataka trekta. Kina mama nao vidole vinatoka damu na wasema ndivyo tulivyozoea. Umezoea nini? Nani kakwambia uchungu ni sehemu ya kilimo? Kisha wewe ndiye utakayemcheka mwenzio aliyejaribu, halafu jioni uje kwa mlango wa nyuma kuazima. Mimi ningewasikiliza wale wa chini ya mwembe leo ningekuwa bado nanyonya vidole. Mtu akikucheka na kazi yako inaenda mwache acheke, kicheko hakijazi gunia, na hilo nalo nitalirudia mpaka mchoke.

Haya dada, na wengine mtakaouliza. Usinunue ile ya dukani ya plastiki. Weka mkono wako juu ya karatasi, zungusha kalamu, kidole gumba ukitanue, halafu chukua uzi uzungushe kiganja ukiwa umefumba ngumi na uandike ni sentimita ngapi. Piga picha unitumie inbox. Niambie pia watumia mkono gani, mashoto kulabu yake ni ya kugeuza, fundi akiipinda upande wa kulia haikufai hata ufanyeje. Bei utaelewana na mzee mwenyewe, mimi sichukui kitu hapo katikati, na ikishakuwa tayari nitaiweka kwenye basi la Lamu likipita hapa Malindi. Ila kwa sasa mzee ana oda nyingi, na Ijumaa hafanyi kazi baada ya adhuhuri, kwa hivyo msinipigie simu kila siku kuniuliza imefika wapi.