Zilikuwapo kabla ya Korona

Je, programu za kuendeshea miradi ya ujenzi kwa intaneti zililetwa na Korona? Hapana, Korona ilizikuta. Zipo tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Buzzsaw ya Marekani ilianza 1999, na Aconex ilianzishwa Melbourne, Australia, mwaka 2000. Hiyo Aconex ndiyo kampuni ya programu ya Oracle waliyoinunua 2018 kwa takriban dola bilioni 1.2, barakoa hata hazijawa habari.

Kilichochelewa ni kufika saiti. Zamani mchoro ulipakiwa mtandaoni lakini ulifunguliwa kwenye kompyuta ya ofisini, ukachapishwa, fundi akapewa karatasi. Msanifu akibadilisha kitu kesho yake, kule chini watu wanaendelea kusuka nondo kwa mchoro wa zamani, na bomoabomoa inayofuata lazima mtu ailipie. (Mimi ni mkadiriaji majenzi, mabishano ya nani alikuwa na toleo gani la mchoro ndiyo mkate wangu.) iPad ilipotoka 2010 ndipo mambo yakageuka: PlanGrid ilianza 2011 kwa kazi hiyo hasa, mchoro mpya unamfikia msimamizi kwenye tableti akiwa hapo hapo saiti. Kampuni ya programu ya Autodesk waliinunua 2018 kwa dola milioni 875.

Ila kama unamaanisha BIM, yaani modeli ya jengo zima yenye taarifa zake, hiyo ina historia yake. Serikali ya Uingereza, kwa mfano, ilianza kuidai kwenye miradi ya serikali kuu mwaka 2016.