Jibu: Mabaharia hawanisikii mpaka nipige kelele

Ndugu yangu, umeuliza ufanyeje na mabaharia sita wa boti zako za Manda na Shela huko Lamu, na kama mbwa wanaovuta sleji, yaani gari la kuteleza juu ya theluji, kule Alaska wana funzo kwetu. Wanalo, tena kubwa.

Mwendeshaji sleji hashiki hatamu. Ana sauti tu: neno moja la kulia, jingine la kushoto, na kila mbwa anayajua. Wewe una maneno mangapi? Nahodha wako mmoja akisema "legeza", mwingine "achia", kijana mgeni ataduwaa.

Mbwa wa mbele huchaguliwa kwa akili kuliko nguvu, na aliye hodari hukataa amri akihisi barafu ni nyembamba. Hapo ndipo mimi nilipokosea. Kijana wangu wa omoni, yaani mbele ya chombo, alipaza sauti kwamba maji yamepwa, nikamnyamazisha mbele ya abiria. Tukakwama juu ya fungu la mchanga saa nzima. Tangu siku ile nikisikia sauti ya omo, naitikia kwanza.

Na usisahau wasioonekana. Mwaka 1925 waendeshaji sleji 20 walipokezana dawa ya dondakoo hadi Nome, mji wa Alaska, takriban kilomita 1,085. Mbwa Balto, aliyeongoza kipande cha mwisho, alijengewa sanamu New York. Mbwa mwenzake Togo, aliyeongoza kipande kirefu kuliko vyote, hakupata sifa kama zile. Anayekumba maji kwenye boti yako, wallahi, umemshukuru lini? Anza naye kesho, kabla hamjang'oa nanga.