Je, Mnyama Asiye na Maneno Huumia Kama Sisi?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mkamuaji wa ng'ombe wa maziwa. Mwajiri wangu anataka tuwakate mikia kwa kuwafunga pete za mpira, akidai kwamba viwele vitakuwa safi zaidi na kwamba ng'ombe, kwa kuwa hana lugha ya kuyafikiria maumivu, huyasahau papo hapo. Je, madai hayo yana ukweli?

JIBU: Ndugu msomaji, tuanze na usafi, kwa kuwa ndio mwepesi. Tafiti zilizolinganisha ng'ombe waliokatwa mikia na wasiokatwa hazikuona tofauti ya maana katika usafi wala afya ya viwele. Kilichoonekana ni kwamba waliokatwa huzongwa zaidi na nzi, maana wamenyang'anywa usinga wao. New Zealand, ambako desturi hiyo ilienea sana, iliipiga marufuku mwaka 2018. Anayekerwa na mkia uliojaa kinyesi na apunguze nywele za nchani kwa mkasi.

Maumivu ni jambo zito zaidi. Pete ya mpira huzuia damu hadi sehemu ya chini ya mkia ife na kudondoka baada ya wiki kadhaa. Mwanakondoo aliyefungwa pete hiyo hujilaza na kuinuka mara kwa mara, hurusha mateke na hugeuka kuutazama mkia. Ng'ombe mzima huenda akasimama kimya, na ndipo wengi hudanganyika, kwani mnyama wa kuwindwa hana faida yoyote ya kuonyesha udhaifu wake. Aidha, mishipa ya fahamu iliyokatika inaweza kuota vinundu ndani ya kigutu na kukifanya kihisi joto na baridi kupita kiasi.

Kuhusu lugha, mwanasayansi wa mifugo Temple Grandin wa Marekani, ambaye ana usonji na hufikiri kwa picha, alipita mwenyewe katika vichochoro vya kupitishia ng'ombe ili aone wanachokiona, akagundua kwamba mnyororo unaoning'inia, kivuli, au koti lililotundikwa uani linatosha kuwafanya wagome. Kwa maoni yake, wanyama huhifadhi kumbukumbu kama picha, sauti na harufu. Ikiwa ndivyo, hoja ya mwajiri wako inamgeukia mwenyewe: sisi tunaweza kuambiwa kwamba sindano ni ya dakika moja tu, tukavumilia, ilhali ng'ombe hana wa kumweleza hivyo, na picha ya mahali alipoumizwa hubaki naye.

Ikitokea daktari wa mifugo akaamua kwamba mkia uliojeruhiwa lazima ukatwe, mwombe atumie ganzi pamoja na dawa ya kutuliza maumivu, kwa sababu ganzi huisha baada ya saa chache na kidonda bado kibichi. Tena kazi hiyo isifanyiwe katika chumba cha kukamulia, ambamo ng'ombe huyo huyo atatakiwa kuingia kesho yake.