Je, manusura wa Kiyahudi walinyamaza baada ya vita?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesoma kwamba Wayahudi walionusurika mauaji ya kimbari ya Wanazi walikaa kimya kwa miaka mingi, hadi kesi ya mwaka 1961 ya Adolf Eichmann, afisa wa Kinazi aliyeshtakiwa huko Israeli, ilipowafungua vinywa. Je, ni kweli? Msomaji, Morogoro.

JIBU: Ndugu msomaji, si kweli, na dhana hiyo inawadhulumu watu waliofanya kazi kubwa. Walianza kabla hata vita havijakwisha. Mwezi Agosti 1944, wakati Warsaw, mji mkuu wa Poland, ingali mikononi mwa Wajerumani, manusura wachache waliokuwa Lublin, mji mwingine wa Poland uliokombolewa mwezi mmoja tu nyuma, waliunda tume ya kukusanya habari za maangamizi hayo. Tume hiyo, iliyoongozwa na mwanahistoria Philip Friedman, ilihamia Łódź mwaka uliofuata. Waliohoji nao walikuwa wamefiwa, wakiketi na wafiwa wenzao na kuandika walichosimuliwa. Watoto walitayarishiwa maswali yao ya pekee. Shuhuda zaidi ya 7,000 za mkusanyo huo zimehifadhiwa Warsaw hadi leo.

Linalonigusa zaidi ni hazina ya mwanahistoria Emanuel Ringelblum. Ndani ya geto la Warsaw, yaani eneo ambamo Wanazi waliwafungia Wayahudi, yeye na wenzake walikusanya kwa siri shajara, matangazo, kadi za chakula, hata karatasi za peremende, wakavizika chini ya ardhi. Ringelblum aliuawa mwaka 1944, na katika wenzake wapatao 60 walisalia watatu tu. Mmoja wao, Hersz Wasser, alijua mahali pa kuchimba. Mwingine, Rachel Auerbach, hakuacha kuwahimiza watu wachimbe. Tarehe 18 Septemba 1946 yalifukuliwa masanduku 10 ya bati kwenye kifusi cha shule. Maji yalikuwa yameingia, ikabidi karatasi zikaushwe kwa uangalifu mkubwa. Madumu mawili ya maziwa yenye sehemu ya pili ya hazina hiyo yalipatikana Desemba 1950.

Mengi ya maandishi hayo yalikuwa kwa Kiyidi (lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki) na Kipolandi, lugha ambazo wasomaji wa nchi za Magharibi hawakuzijua, na nadhani ndiyo sababu wengi walidhani hakuna aliyesema. Auerbach mwenyewe alihamia Israeli na kuongoza idara ya kukusanya shuhuda katika Yad Vashem, taasisi ya kumbukumbu ya mauaji hayo. Alipotoa ushahidi katika kesi hiyo ya Eichmann unayoitaja, alikuwa ameifanya kazi ya kuandika habari za watu wake kwa miaka 20.