Jibu: Splice kwa kikundi cha wazazi Kondele

Umeuliza kama filamu ya Splice ya 2009 itafaa kikundi chenu cha wazazi Kondele, na watoto wakiwepo. Watoto hapana, kabisa. Clive, mwanasayansi, anafanya mapenzi na Dren, kiumbe aliyemtengeneza maabarani na mwenzake Elsa, na mwishoni kuna ubakaji. Hata wazazi waonye mapema, wengine watainuka waende zao.

Kwa mjadala lakini imeshiba. Ina kama dakika 104. Isimamishe pale Elsa anapomnyang'anya Dren paka wake, maana hapo ulezi unaanza kunuka maabara: jana alikuwa akimremba, baadaye anamfunga mezani na kumkata mwiba wa mkia. Elsa alimtengeneza Dren kwa kutumia DNA yake mwenyewe kwa siri, na mama yake alimtesa utotoni. Waulize, anamwadhibu nani?

Kuhusu sayansi, Fred na Ginger, viumbe waliotengenezwa kabla ya Dren, wanauana mbele ya wenye hisa kwa sababu Ginger amegeuka dume bila mtu kugundua. Hilo si uzushi mtupu, kuna samaki wanaobadili jinsia. Dren kukomaa haraka vile ndiko sinema.

Leseni ya maonyesho ya hadhara shughulikieni na Bodi ya Uainishaji wa Filamu kabla ya kubandika mabango.